Taa ya Noti Jikoni kwa Bi Mwanahawa

Rafiki zangu wa Mwembesongo, na ninyi walimu wenzangu mnaonitazama kwa jicho la kuuliza kila nikiingia chumba cha walimu: nilikusudia kupanda mlima mara moja tu, nikamsalimie mama wa mwanafunzi wangu na kurudi. Niliupanda mara tatu. Najua mmekwisha kusikia nusu ya habari kutoka kwa wauza ndizi wanaoshuka sokoni. Nusu iliyobaki ninayo mimi, nayo hainipendezi. Ninaiandika kwa sababu nikiisimulia kwa mdomo, najijua, nitaipunguza.

Kutoka Mwembesongo hadi Kiroka

Mnamkumbuka Zuhura, yule binti wa kutoka juu ya Kinole aliyekuwa akibaki darasani kuniuliza maswali wakati wenzake wamekwisha kwenda kula. Sasa yuko Ulaya ya kaskazini kabisa, anasomea mwanga wa angani unaoitwa aurora. Kila akipiga simu nyumbani mama yake humuuliza, "Huko unafanya kazi gani hasa?" Naye hujibu kwamba anatafuta gesi ndani ya mwanga usioonekana. Mama huuliza kama anakula vizuri.

"Mwalimu," Zuhura aliniambia, "nenda ukamweleze mama. Wewe unajua kueleza."

Sentensi hiyo ilinivimbisha kichwa. Nilifunga sukari, majani ya chai na doti ya kanga, nikatia mkobani taa ndogo ya kukagulia noti, ile wanayokuwa nayo wenye maduka. Taa ile hutoa mwanga wa urujuanimno, yaani mwanga uliopita rangi ya urujuani, ambao jicho haliufikii. Niliona itanisaidia.

Dereva wa bodaboda alikuwa Shomari, baba wa makamo anayelijua kila shimo la barabara ile kwa jina. Alipoiona taa akacheka.

"Mwalimu, unakwenda kukagua noti za mlimani? Wale pesa yao ndizi. Utamulika mkungu?"

"Nakwenda kufundisha, Shomari."

"Haya. Ila na mimi nina elfu kumi inanitia wasiwasi, tukifika uiangalie."

Tulifika Kiroka, mvua ikatukamata. Tulikaa chini ya bati la mama ntilie mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, tukala mihogo ya kukaanga na chachandu kali iliyomtoa Shomari machozi. Mvua haikuwa na haraka. Nami, mnanijua, nikianza kueleza sinyamazi. Nikamweleza Shomari habari yote ya aurora, akatikisa kichwa kwa adabu, kisha akauliza kama kule kaskazini kuna bodaboda.

Kutoka Kiroka hadi juu

Baada ya kuiacha barabara kubwa, udongo mwekundu ulikuwa umegeuka sabuni. Pikipiki ilikwenda kiubavu kama kaa. Mara mbili nilishuka nikasukuma, na mwishoni Shomari akasema, "Hapa mwalimu miguu yako ina akili kuliko tairi langu." Akabaki kwenye kibanda cha chini, mimi nikaendelea peke yangu na kifurushi changu kichwani.

Njiani nilipishana na wanawake waliobeba mdalasini na ndizi. Tulisalimiana kirefu, kama inavyotakiwa kule: habari za nyumbani, za watoto, za mvua, kisha tena za nyumbani. Mmoja akauliza ninakwenda kwa nani.

"Kwa Bi Mwanahawa, mama Zuhura. Mimi ni mwalimu wa Zuhura."

Akaangalia mzigo wangu. "Umebeba nini, mwalimu?"

"Sukari na majani."

Alitua mzigo wake pembeni, akageuka, akanifuata. Na yule mwingine pia. Nikaona ni ukarimu. Kila nyumba niliyoipita alitoka mtu, akanong'onezwa, akajiunga nyuma yangu. Nilifika kwa Bi Mwanahawa nikiongoza watu kama nabeba bendera, nikamkuta ameketi sakafuni, kanga imemfunika kichwa, mikono imekaa mapajani.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba. Sema tu, mwalimu. Sema, nimeshakaa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwalimu anapanda mlima peke yake kwenda kwa mama mwenye mtoto nchi za mbali, amebeba sukari na majani. Vitu hivyo hupelekwa wapi, kama si msibani? Nikapiga magoti. "Mzima! Zuhura mzima, anakusalimu, kanituma yeye!"

Mama yule alivuta pumzi ndefu, akavua kanga, akanipiga nayo begani, si kwa nguvu sana. "Mwalimu wewe! Unataka kunizika mimi?" Watu wakacheka kwa ahueni, wengine wakafuta macho. Na kwa kuwa walikwisha kuja, walibaki. Ndiyo sababu, nitakapowaambia yaliyotokea jikoni, mjue kwamba yalitokea mbele ya nusu ya kijiji.

Jikoni

Jiko la Bi Mwanahawa ni chumba kikubwa cha udongo chenye dari ya miti, na juu ya dari hiyo yalikuwa yametunzwa mahindi ya uji wa shule. Wazazi huchanga, kila nyumba hujaza kiroba chake, na viroba vyote hukaa kwake. Moshi wa jiko lake hufukuza fukusi, na yeye mwenyewe anaaminika. Heshima hiyo alipewa baada ya kufiwa na mumewe, na aliniambia kwa kicheko kwamba ndiyo inayomfanya aamshwe alfajiri na kila mwenye shida ya kikombe cha unga.

Nilianza vizuri. Nawaambia hivyo bila kujisifu, kwa sababu ndilo jambo linaloniumiza.

"Bi Mwanahawa," nikasema, "ukichoma karafuu humu nami niko nje, nitajua nini?"

"Utajua nachoma karafuu."

"Bila kuiona?"

"Pua ya nini sasa?"

"Na ukichanganya na mdalasini?"

"Aliyezoea atazitenganisha harufu."

"Basi kule karibu na ncha ya dunia, hewa ya juu sana hupigwa na chembechembe zilizoanzia safari kwenye jua. Ikipigwa hutoa mwanga. Nitrojeni ina mwanga wake, oksijeni wake, kama karafuu na mdalasini. Mwingine watu huuona, kijani na waridi, kama pazia linalopepea. Mwingine ni urujuanimno, hauonekani, tena sehemu yake kubwa humezwa na hewa ya chini kabla haujafika ardhini, ndiyo maana vyombo vya kuupokea hupandishwa juu ndani ya setilaiti. Zuhura anaupokea ukiwa umechanganyika. Anautandaza kwa chombo mpaka uwe mistari, kila mstari mahali pake, kisha anasema huu umetoka kwa nani."

"Na akimsingizia asiyehusika?"

"Si rahisi. Gesi moja ina mistari mingi inayokwenda pamoja. Akiuona mmoja tu, hasemi. Anatafuta wenzake."

Bi Mwanahawa alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Kumbe mwanangu ni mtu wa kutafuta mashahidi."

Ilinipasa nifunge mkoba hapo. Lakini taa nilikuwa nayo. Nikaomba mlango ufungwe, giza la jikoni likatosha, nikaiwasha. Shati jeupe la mwanafunzi lililokuwa kwenye kamba likawaka rangi ya buluu, maana sabuni za unga zina dawa inayong'aa kwenye mwanga huo. Kanga moja ikawaka, nyingine ikabaki nyeusi.

"Ee, Mama Asha!" mtu akaita. "Kumbe wewe bado unafulia sabuni ya mche!"

"Na nyie mnaofulia ya unga, mbona bado mna madoa?"

Kicheko kilikuwa kikubwa. Mzee Kibwana, mwenyekiti wa kamati ya shule, akasema, "Mwalimu, hebu mulika na riziki yetu." Wakashusha kiroba kimoja kutoka darini, wakakifungua. Nikatia mkono ndani nikayageuza mahindi, nikamulika.

Punje zikang'aa. Si zote, bali zilizotawanyika, rangi ya manjano inayoelekea kijani.

"Nyota!" akasema mwanamke mmoja.

Mimi sikuona nyota. Nilikumbuka kitu nilichokisoma kuhusu sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayotangazwa redioni kila msimu: kwamba mahindi yenye ukungu huo huweza kung'aa hivyohivyo chini ya taa kama ile. Neno "huweza" lilikuwemo katika nilichokisoma. Kinywani kwangu halikuwemo.

"Hii ni sumukuvu," nikasema. "Mahindi haya yana sumu. Watoto wasinywe uji wake."

Wakashusha kiroba cha pili, kikang'aa kidogo. Cha tatu, kikang'aa zaidi. Mlango ukafunguliwa. Mama Asha, aliyekuwa akitaniwa muda si mrefu, akasema taratibu, "Ndiyo maana mwanangu tumbo haliishi kumsokota."

"Mahindi yenu niliyapokea makavu," Bi Mwanahawa akajibu, "na hadi sasa ni makavu. Gusa."

"Hatujasema kitu, dada."

"Hamjasema."

Mzee Kibwana akaamua mahindi yote yakamwagwe korongoni. Watu wakaondoka mmojammoja bila kuaga vizuri. Bi Mwanahawa akaipua sufuria, akanipakulia ugali mwingi na mboga ya maboga, sahani ya mgeni. Nikautazama ule ugali. Nikamwambia nimeshiba mihogo ya Kiroka.

Akaifunika sahani kwa kawa. "Haya, mwalimu," akasema.

Kushuka

Nataka mjue nilivyojisikia nikishuka. Nilijisikia vizuri! Nilimwambia Shomari kwamba leo tumeokoa watoto wa shule nzima, akanipongeza kwa honi, tukateleza hadi Kiroka nikiwa na furaha ya mtu aliyetenda wema. Njaa ilikuwa inaniuma, tukasimama kwa yule mama ntilie.

Alinimiminia maji nikanawa kwa sabuni ya mche. Povu likageuka jekundu, wekundu wa kahawia, kama kutu.

"Umeshika manjano wewe," akasema mama ntilie, huku akigeukia sufuria yake. Mwanamke yeyote aliyewahi kufua nguo yenye doa la biriani analijua jambo hilo: manjano yakikutana na sabuni huwa mekundu. Nami nalijua, na nimelifundisha darasani.

Sikuwa nimeshika manjano. Nilikuwa nimeshika mahindi.

Mkono wa kushoto nilikuwa bado sijauosha vizuri. Nikauingiza chini ya meza, nikawasha taa. Kwenye mikunjo ya vidole kuling'aa rangi ya manjano inayoelekea kijani. Nikaomba unga wa manjano kidogo kwenye karatasi, nikaumulika. Rangi ileile, ila kali zaidi.

Kule juu wanalima manjano. Wanayakausha, wanayatwanga, wanayapeleka gulioni kwa viroba. Kiroba kikirudi kitupu hakitupwi; hukung'utwa na kutiwa mahindi. Vumbi linalobaki jicho halilioni kwenye punje. Lakini taa inaliona.

"Mwalimu, mbona huli?" Shomari akauliza.

"Turudi juu."

"Leo? Mlima umelowa, giza linaingia. Unataka na mke wangu awe mjane?"

Nilimpigia simu Bi Mwanahawa, lakini mvua ilikuwa imekata mtandao wa kule. Tulilala Kiroka, nyumbani kwa mama ntilie, naye alikataa kabisa nimshukuru. Simu yangu ilikuwa na ujumbe wa Zuhura: "Mwalimu, mama kaelewa?" Nikaigeuza simu kifudifudi.

Kupanda kwa mara ya pili

Tulipanda kulipopambazuka. Kabla sijafika nilisikia kuku wakigombana korongoni, nikajua nimechelewa. Viroba kadhaa vilikwisha kumwagwa. Mzee Kibwana alisimama ukingoni na wanaume wawili wakikung'uta kingine.

"Simameni!" nikaita, pumzi imenikatika. "Nilikosea. Kile kilichong'aa ni manjano. Ni vumbi la viroba."

Wakasimama. Watu wakaanza kukusanyika, na Bi Mwanahawa akatoka mlangoni, ufagio mkononi.

"Kwa hiyo ni salama?" Mzee Kibwana akauliza.

Hapa ndugu zangu nilitamani sana kusema ndiyo. Ndiyo ingemrudishia mama yule jina lake palepale. Lakini manjano hayazuii ukungu. Nilichojua ni kwamba sababu yangu ilikuwa imeanguka. Mahindi yenyewe sikuwa nimeyapima, jana wala leo.

"Sijui," nikasema. "Mpaka yapimwe maabara."

"Jana ulijua," akasema Mama Asha.

"Jana nilisema. Sikujua."

"Basi jana ungesema hujui!" Wengine wakacheka, si kicheko cha jikoni. "Na kesho utajua nini, mwalimu?"

Nilieleza. Nilieleza kila kitu, povu, viroba, taa, na nilivyozidi kueleza ndivyo macho yalivyozidi kunihama. Mzee Kibwana ni mtu wa haki, alisimamisha kumwaga. Akaniruhusu kuchota kutoka kila kiroba kilichobaki, juu, katikati na chini, nikachanganya kama inavyopaswa. Bi Mwanahawa alinishikia mfuko ukiwa wazi, uso wake umeelekea pembeni.

"Watoto leo wanakunywa nini shuleni?" nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Maji," akajibu.

Kupanda kwa mara ya tatu

Majibu ya maabara yalichukua siku zake. Katika kungoja huko ndipo mliponiona nimekuwa mkimya, mkadhani naumwa. Yalipotoka yalikuwa mema: mahindi hayakukutwa na sumu hiyo. Nikampigia Shomari kabla sijakunja karatasi.

"Mwalimu," akasema tukiwa njiani, "safari hii taa umeiacha?"

"Nimeiacha."

"Afadhali. Hata ile elfu kumi yangu nimeshaitumia, sitaki kujua."

Nilizungumza shuleni, mbele ya wazazi, chini ya bati la darasa lisilo na dari. Nilisoma majibu, nikasema waziwazi kwamba Bi Mwanahawa alitunza mahindi yao vizuri, na kwamba yaliyomwagwa korongoni yalimwagwa kwa neno langu. Walinisikiliza vizuri. Mzee Kibwana alinishukuru kwa kurudi, watu wakapiga makofi, uji ukapikwa, nikaunywa nao. Nilidhani limekwisha.

Kisha Mzee Kibwana akasoma azimio la kamati: mahindi yatatunzwa nyumbani kwa katibu kuanzia sasa. "Si kwa ubaya," akaongeza. "Ni kupunguza maneno."

Hakuna aliyepinga. Mtu asiye na kosa alikuwa amesafishwa mbele yao, na bado hawakutaka kulala na wasiwasi. Nikainua mkono, Bi Mwanahawa akanigusa kiwiko. "Acha," akasema. "Hapa utawachosha tu."

Tulirudi kwake. Dari ilikuwa tupu, imefagiliwa. Nilimwomba radhi, na nilipoanza kueleza tena kwa nini taa hudanganya akanikatiza.

"Taa haikudanganya, mwalimu. Ilionyesha manjano, na manjano yalikuwepo."

Nikaikunja karatasi ya majibu.

"Zuhura nitamwambia mimi," akaendelea. "Nitamwambia mwalimu wake alikuja akanieleza kazi yake, nikaielewa. Yaliyobaki ni ya kwetu." Akajifunga kanga. "Twende nikusindikize."

Mgeni husindikizwa hadi kwenye kijito, tena kwa njia ya mkato. Yeye alishika njia ndefu, ile inayopita mbele ya nyumba za watu. Kwenye nyumba ya kwanza akabisha hodi kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Walipotoka akanigeukia.

"Waeleze."

"Walikuwepo shuleni," nikanong'ona.

"Shuleni ulieleza mkutano. Mkutano hauji kwangu kuazima unga. Waeleze hawa."

Nikawaeleza: viroba, manjano, neno langu. Mzee wa nyumba akauliza maswali mawili, mkewe akauliza moja, wakaishia kumuuliza Bi Mwanahawa habari za Zuhura. Tukaenda nyumba ya pili. Kule bibi mmoja hakuelewa habari ya taa, nikaanza upya, polepole. Nyumba iliyofuata hawakutaka kusikia, Bi Mwanahawa akakaa barazani mpaka wakataka. Shomari alipiga honi kule chini. Sisi tukaendelea mbele. Kila mlango aibu yangu ilianza upya, na kila mlango niliona mgongo wa mama yule ukinyooka kidogo, nami nikaacha kutamani njia iishe.

Nyumba ya mwisho kabla ya kijito ni ya Mama Asha. Tulibisha hodi, tukabisha tena. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Jirani akasema amekwenda shambani upande wa pili wa kilima, huenda akachelewa. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Kinole, na honi ya Shomari ikalia tena, ndefu.

"Nitamwambia siku nyingine," nikasema. "Nitarudi."

Bi Mwanahawa aliketi kwenye kizingiti cha nyumba ile, akapangusa vumbi pembeni yake kwa kiganja, akaniachia nafasi.

"Tutamngoja," akasema.

Nikaketi.